Dakika ya Kwanza ya Mtoto Mchanga

Ndugu mwandishi, nakuandikia kutoka Rwimbogo, wilaya ya Rusizi, Rwanda. Umeeleza kwa ufasaha namna ubongo wa mtoto mchanga unavyodhurika kwa kukosa oksijeni, nami naona yafaa kuongeza ya kuwa mtoto aliyetimiza miezi yake, akizaliwa hapumui, hukaushwa na kusuguliwa mgongo, na asipozinduka hupulizwa mapafuni, kwa barakoa na mfuko wa mkono, hewa hii ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21, kabla dakika ya kwanza haijapita. Ushahidi u karibu nasi: wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walipofunzwa ilimu hiyo, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013, vilipungua kwa asilimia 47. Basi, kwa kuwa mama zetu wengi hujifungulia katika vituo vya afya, na hospitali za Mibilizi na Gihundwe haziwezi kufikiwa ndani ya dakika moja, nawasihi wenye mamlaka wahakikishe kila kituo kina vifaa hivyo vya kupulizia hewa, na wakunga wake wafanyishwe mazoezi daima, maana seli za ubongo zikishakufa hakuna tabibu awezaye kuzirejesha.