Mama amekuwa mkali? Tazama na kopo lake la mkorogo

Leo nataka tuongee kidogo habari ya mama zetu, wale waliokwishavuka miaka hamsini, na mikorogo yao. Msicheke. Najua mmeshaanza ule utani wenu wa uso Fanta, miguu Coca-Cola. Rangi leo siyo kesi yangu, kesi yangu ni kichwa.

Mama akifika umri huo akaanza kuwa mkali, usiku halali, analia bila sababu, anasahau ufunguo mlangoni, basi mtaa mzima unageuka daktari. Huyu anasema ni kukoma hedhi. Yule anasema ana mashetani, yanataka kupungwa. Wake wa wanawe ndiyo kabisa, wao wanasema ni roho mbaya tu ya uzeeni. Anayeuliza mama anajipaka nini kila usiku, hayupo.

Kweli, kukoma hedhi peke yake kunaweza kuleta hayo, na sukari au tezi ya shingo vilevile. Ndiyo maana kopo linapona: limejificha nyuma ya umri.

Sasa sikilizeni. Mkorogo, kama jina lake, ni mchanganyiko, na mara nyingi ndani yake utakuta haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Zote tatu zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na bado zinapenya. Haidrokwinoni tuiache, ugomvi wake na ngozi mnaujua. Hizi mbili nyingine ndizo zinazopanda kichwani.

Steroidi ni dawa halali hospitalini. Daktari anakuandikia tyubu ndogo kwa pumu ya ngozi, unapaka panapowasha, basi. Ile kali iitwayo clobetasol maelekezo yake ni usizidishe wiki 2 mfululizo, wala usipitishe gramu 50 kwa wiki. Mama zetu wanaikoroga kwenye losheni na kujipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, miaka kumi! Kadiri wanavyopaka ndivyo ngozi inavyozidi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba inapitisha dawa nyingi zaidi kwenda kwenye damu.

Humo kwenye damu inajifanya homoni. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotoa homoni iitwayo kotiso, ile inayotuamsha asubuhi na kutupa nguvu ya kukabili misukosuko. Ubongo ndiye msimamizi. Ukiona damu imejaa vitu vya aina hiyo, unaziamuru tezi zilale. Steroidi ikizidi kwa muda mrefu, uso unakuwa mviringo kama mwezi, tumbo linatoka, mikono na miguu inakonda, presha na sukari vinapanda, mifupa inaishiwa nguvu. Jirani anapiga makofi, eti mama kanawiri! Kumbe mwenzenu usingizi umemkimbia, hasira ziko puani, huzuni inamkaba na kumbukumbu zinampotea.

Hapa ndipo pabaya zaidi. Akiacha ghafla, zile tezi zilizolala haziamki siku hiyohiyo. Anaishiwa nguvu, anasikia kichefuchefu, kizunguzungu akisimama, hamu ya kila kitu inakwisha, na anaweza kuwa katika hatari ya maisha. Kwa hiyo wewe kijana unayesoma hapa usikimbilie kutupa kopo la mama jalalani kwa hasira. Mpeleke hospitali, na kopo mlibebe kwenye mfuko, daktari alione. Steroidi huachwa kwa mpango wake.

Nilimwuliza shangazi yangu mmoja mbona hajamwambia daktari wake wa presha kuhusu mkorogo. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, yule kijana ni rika lako. Nianze kumweleza habari za kujichubua na mvi hizi?" Nikakosa la kujibu. Aibu ile naiogopa kuliko kopo lenyewe.

Na zebaki je? Huko Ulaya karne ya 19, mafundi wa kofia walitumia zebaki kuandalia manyoya ya kutengenezea kofia. Mikono ikawa inatetemeka, wanaona haya kupita kiasi, wanafoka ovyo, wanasahau. Zebaki ya kwenye krimu si ya namna ileile, lakini Shirika la Afya Duniani linasema nayo inaharibu figo na inaweza kuleta wasiwasi, sonona, hata kuchanganyikiwa akili. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika mwaka 2017, Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondoke ifikapo 2025. Wauza makopo, bwana, hawasomi mikataba.

Someni nyinyi lebo. Mkiona maneno mercury, mercurio au calomel, ni yenyewe. Mkikuta onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, hiyo nayo ni dalili ya zebaki. Na kopo lisilo na lebo kabisa, lile linalopimwa kwa kijiko dukani, nalo unalinunua kwa sababu gani?

Jambo moja zaidi, zebaki haikai kwa aliyejipaka tu. Inahamia kwenye taulo, mto na shuka, na mvuke wake unavutwa na walio ndani. Kama mjukuu analala na bibi kitanda kimoja, siku ya kwenda hospitali waende wote wawili.

Wale mlioniuliza kuhusu chai ya moto kwenye vyombo vya plastiki na kemikali zinazoiga homoni ya kike, nimewasikia. Tukutane wiki ijayo.