Zima Hiyo Redio, Niko Mkutanoni

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, kazi zimenibana. Lakini leo nina hasira, na nikiwa na hasira huwa naandika. Vuta kiti.

Majuzi nilikuwa mahali na waandishi wenzangu wa programu, na ule wimbo wetu ukaanza tena. Ati Korona ilithibitisha kwamba Kenya iko tayari kidijitali. Ati watu walikaa nyumbani na mambo yakaendelea kama kawaida, shukrani kwetu. Makofi yakapigwa. Hata mimi nilipiga mawili matatu, halafu nikaona aibu.

Walikaa nyumbani, sawa. Nyumbani kwa nani?

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ikatangaza kufungwa kwa shule. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili ikawa marufuku kuingia au kutoka Nairobi na viunga vyake, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai. Haikuwa lokidauni kamili kama ya nchi nyingine, lakini sisi tuliiita hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa na kazi yangu ya kwanza, sijamaliza hata mwaka tangu nitoke chuo na digrii ya kompyuta. Nilipanga Umoja: chumba cha kulala, sebule ya kupita kwa upande, meza moja, na plagi moja isiyokuwa na matatizo. Shule zilipofungwa, dada yangu mdogo akaja kukaa nami. Alikuwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Tulidhani ni wiki mbili tatu. Aprili ikatukuta humo humo.

Sasa sikia kazi niliyokuwa nikifanya. Nilikuwa katika timu iliyokuwa ikitengeneza programu ya masomo ya nyumbani. Kampuni siitaji. Tulikimbizana usiku na mchana ili "kuwaokoa wanafunzi wa Kenya". Kila asubuhi saa tatu tulikuwa na mkutano wa video, kila mtu aseme jana alifanya nini na leo atafanya nini.

Na dada yangu wakati huo? Alikuwa na redio. Ile ndogo ya betri, ameiegemeza kwenye sufuria jikoni, daftari gotini, anafuata vipindi vya masomo vya KICD. Jikoni na sebule vilitengwa na pazia tu.

Asubuhi moja ilikuwa zamu yangu kuonyesha kazi kwa wakubwa. Mwalimu wa redio yuko katikati ya somo la kemia. Nikafunika kipaza sauti kwa kiganja, nikamwambia, "Zima hiyo redio, niko mkutanoni."

Akazima. Hakubisha, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikilipa kodi na kununua unga. Nikaendelea kueleza jinsi programu yetu itakavyowafikia wanafunzi kila mahali.

Jioni nikampa simu yangu aijaribu hiyo programu. Ukurasa wa kwanza ukazunguka, ukazunguka. Kabla hajaona swali hata moja, vifurushi vyangu vya data vya siku hiyo vilikuwa vimekwisha. Akanirudishia simu, akaniuliza bila hasira yoyote, "Kaka, hii kitu mnaiandikia watoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Na swali hilo sikulisikia kwenye makofi ya majuzi.

Tulikuwa tukiandikia nyumba isiyokuwepo. Nyumba ambayo kila mtoto ana chumba, kila chumba kina mlango, kila mtu ana laptopu yake na intaneti haikatiki. Takwimu hazikuwa siri! Sensa ya 2019 ilikuwa imeshatoka: kaya zenye kompyuta, laptopu au tableti zilikuwa asilimia 8.8. Zenye intaneti, asilimia 17.9. Redio, asilimia 56.9. Ile redio niliyoizima ilikuwa mtambo wa kufundishia wenye uwezo kuliko mfumo wetu wote, na hata hiyo haikuwafikia wote.

Najua utetezi wetu. "Tulikuwa na haraka, ilikuwa dharura." Sikubali. Ona kilichofanya kazi katika dharura hiyo hiyo. Kuanzia tarehe 17 Machi 2020, kutuma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 kukawa bure, na kukabaki hivyo hadi mwisho wa mwaka. Hakuna aliyepakua kitu kipya. Mama mboga wetu mwenye simu ya vibonyezo alinufaika siku ile ile, nami nikamlipa sukuma wiki bila kugusana noti. Mtu alitazama watu wanavyoishi, akaondoa kizuizi kimoja. Basi.

Sisi tulikuwa tumetazama juu, tena juu kweli kweli! Julai 2020 maputo ya Loon yalianza kurusha intaneti kwa wateja wa Telkom Kenya. Magazeti yakajaa picha. Januari 2021 Alphabet, kampuni mama ya Google, ikatangaza kwamba inaufunga mradi huo kwa sababu hauwezi kujiendesha kibiashara. Sina ugomvi na maputo; uhandisi wake ulikuwa wa ajabu. Lakini puto halimpi simu mtoto asiye na simu, na halinunui data.

Utetezi wa pili: "Hayo yamepita, kafyu iliondolewa Oktoba 2021, wacha tusonge mbele." Yaliyopita ni kafyu. Msimbo bado uko palepale. Bado tunaandika programu zinazodhani simu moja ni mtu mmoja, wakati nyumba nyingi simu ni ya mama na inatumiwa na watoto watatu kwa zamu. Bado fomu ikikatikiwa na mtandao inafuta kila kitu na kukurudisha mwanzo. Bado tunajaribu kazi zetu kwenye simu za bei, tukiwa kwenye waifai ya ofisi, halafu tunashangaa watu "hawajaelimika kidijitali". Wasioelimika ni sisi.

Na tuseme ukweli kuhusu kufanyia kazi nyumbani. Waajiri wengi waliokoa pesa za ofisi, na gharama ikahamia kwetu: stima, data, meza ya kulia. Lakini mimi nililipwa mshahara. Aliyelipa bila kulipwa ni yule aliyenyamaza nyuma ya pazia ili mkutano uonekane wa kiofisi. Kila nyumba ilikuwa na mtu kama huyo. Mkeo, mama yako, mtoto aliyeambiwa akacheze ngazini.

Dada yangu alirudi shuleni Oktoba 2020 na akafanya KCSE yake Machi na Aprili 2021. Alipita. Kemia ndiyo iliyomwangusha kidogo. Hajawahi kunilaumu, anasema ilikuwa ngumu hata kabla ya Korona. Pengine. Mimi najua nilichozima.

Kwa hiyo ndugu mwandishi wa programu, kabla ya kupanda jukwaani kusifu ushindi wetu, fanya jambo moja. Chukua simu ya bei rahisi kabisa uipatayo mjini, weka vifurushi vya shilingi 20, mpe mtu wa nyumbani kwako aitumie kazi yako jikoni, huku ugali ukisongwa. Wewe kaa kando. Usiseme neno.

Halafu uje tuongee habari za makofi.