Unene hauna kabila: barua ya Muha kwa watu wa kafteria

Mwakeye wadau!

Kwa wasiojua Kiha hiyo ni salamu, itikieni tu hata kama mtakosea. Najua testi zinakaribia na wengi mnasoma huku mmeinamia sahani ya chipsi, basi leo nitaongea nanyi hukohuko kwenye sahani.

Kuna kauli moja hapa chuo imenikaa kooni. Kila tukikaa kula lazima atokee mtu wa kugawa miili kwa makabila. Wachaga wana vitambi kwa sababu ya nyama na bia, watu wa Pwani wana mwili kwa sababu ya nazi, halafu wakifika kwetu Kigoma: "Waha hawanenepi bwana, wale wameumbiwa jembe." Watu wanacheka. Na Waha waliopo wanacheka pia, tena kwa kujisikia, kama vile tumepewa cheti cha afya.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, na mazoezi ya kufundisha nimefanyia Kibondo, kwa hiyo nina la kusema. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kuendelea aende zake: unene hauna kabila. Unafuata mambo mawili, kazi unayoufanyisha mwili na hela iliyopo mfukoni. Ukiona Waha wengi ni wembamba usiseme ndivyo walivyoumbwa, sema bado wanatembea kwa miguu na bado hela haijafika. Siku hayo mawili yakibadilika, na mbona yameshaanza, tutanenepa kama wengine. Na kwa sababu tunaamini hatunenepi, tutakuwa wa mwisho kujua.

Hebu twende Kasulu siku ya soko. Kaa pembeni uangalie wanaoingia kutoka vijijini: akina mama wenye vikapu vya maharage kichwani, vijana wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kupandisha kilima. Nyama ya ziada hawana. Sasa geuza shingo uangalie wenye maduka ya jumla, watumishi wa halmashauri, wenye magari ya mizigo, na (samahanini) walimu. Vitambi utavihesabu mpaka uchoke. Wote hao ni Waha, wanasema Kiha kilekile. Wengi wana ndugu wa baba mmoja mama mmoja kule kijijini ambaye mkanda wake una matundu ya ziada, kayatoboa mwenyewe kwa msumari. Damu moja, viuno viwili. Sasa kabila limeingiaje hapo?

Na Kibondo ni hivyohivyo. Baiskeli zinapungua, bodaboda zinaongezeka. Mtu aliyekuwa anatembea saa nzima kwenda mjini siku hizi anapanda bodaboda kwenda kununua vocha. Lami nayo imekuja, ule mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu wa kilomita 260. Siichukii lami jamani, nimekula sana vumbi la ile njia. Ila lori linalokuja kubeba maharage yetu halirudi tupu, linarudi na soda, sukari, biskuti na mafuta ya kula.

Haya, tuache macho twende kwenye namba, maana macho yanadanganya. Ule Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 1991-92 ulikuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo nchini ni asilimia 11. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Mijini walikuwa asilimia 42, vijijini 21. Yaani ndani ya kizazi kimoja imepanda zaidi ya mara mbili, na mjini ni mara mbili ya kijijini. Hakuna kabila lililobadilishwa damu ndani ya miaka 25.

Kwa wasiojua inavyopimwa: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25 uzito umezidi, ikifika 30 ndiyo kiribatumbo. Mtu wa mita 1.60 akiwa na kilo 64 ameshafika 25, akifika kilo 77 ameshavuka 30. (Usidanganye, najua umetoa simu unapiga hesabu.)

Halafu kuna utafiti mmoja naupenda sana, ulichapishwa 2010. Walichukua watu kama 200 wa vijijini mkoani Morogoro waliokuwa wanahamia Dar, wakawapima kabla hawajaondoka, wakawafuata na kuwapima tena huko mjini. Ndani ya mwaka mmoja waliongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani, wanaume kwa wanawake, na wale wanaofanya kazi za nguvu walipungua sana. Mtu yuleyule, kabila lilelile, kabadilisha kituo cha basi tu! Sasa sisi tulioletwa hapa na mabasi ya Kigoma tuna kinga gani?

Hiyo ya "wameumbiwa jembe" nayo ina historia yake, tena si nzuri. Enzi za mkoloni watu wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge, ndio wale wakaitwa manamba. Aliyekuwa anatafuta vibarua lazima aseme hawa wameumbiwa kazi ngumu, si ndiyo biashara yake? Ajabu ni sisi wasomi wa leo kuirudia maneno yake mezani.

Upande wa pili wa shilingi ni kusifia unene, na huko ndiko ninakoogopa zaidi. Nyumbani ukirudi likizo umeongezeka wanakupokea kwa vigelegele: "Umenawiri! Chuo kimekukubali!" Ukirudi umepungua wanakuuliza kwa sauti ya chini kama unaumwa. Na wazee wetu hawakutoa hayo hewani. Kaskazini ya Kibondo, kule Karagwe, Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanika mwishoni mwa 1861 akakuta wanawake wa nyumba ya mfalme wananeneshwa kwa maziwa mpaka kusimama ni shida. Akampima mmoja kwa tepe, akaandika kwenye kitabu chake cha 1863: mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4. Yaani mkono wa karibu sentimita 58! Katika nchi ambayo njaa ilikuwa inabisha hodi, mwili wa namna hiyo ulisema kitu kimoja tu: hapa kwetu hatulali njaa.

Halafu ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na majirani zetu wa Uganda ugonjwa huo waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyokondesha watu. Kizazi cha mama zetu kimekua kikijua kwamba kukonda ni kufa. Kwa hiyo mama akifurahi kuona mashavu yako, usimcheke. Anachofurahia ni kwamba uko hai.

Lakini furaha hiyo inaua kimyakimya. Shangazi yangu mmoja alikuwa anauza vitenge Kasulu mjini. Kila mwaka mwili unaongezeka, kila mwaka watu wanamsifia, na yeye anaamini, maana biashara ilikuwa inakwenda kweli. Hakuna aliyewahi kumpima presha, kwa sababu hakuna anayempima mtu aliyenawiri. Siku moja akaanguka dukani. Upande wa kulia haukurudi vizuri mpaka leo. Duka limefungwa, na binti yake aliacha kidato cha tano ili amhudumie. Yule dada yake aliyebaki kijijini, ambaye watu walikuwa wanamwonea huruma kwa wembamba wake, ndiye anayewaletea unga. Nawauliza, hapo nani alikuwa amenawiri?

Na si shangazi peke yake. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta mtu 1 kati ya 4 ana shinikizo la damu na karibu asilimia 9 wana kisukari. Nani alikuwa anayaita magonjwa ya wakubwa wa Dar?

Niseme na la wakimbizi, maana kwetu huwezi kuongelea chakula ukaruka kambi. Utasikia watu wa vijiji vya jirani na Nyarugusu au Nduta wakisema wakimbizi wananenepa kwa vya bure. Jamani. Mgao kamili unapigiwa hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, chakula cha kumtosha mtu wa kawaida basi, na Agosti 2017 ulishushwa mpaka asilimia 62 kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Nani ananenepa kwa hiyo? Ila mgao wenyewe sehemu kubwa ni unga, mbogamboga hakuna, na hapo pana funzo. Kule Algeria, kwenye kambi za Wasahrawi walioishi kwa misaada miaka mingi, utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake wamezidi uzito, na nyumba hizohizo zina watoto waliodumaa na watu wenye upungufu wa damu. Kumbe mtu anaweza kuwa mnene na mwili wake una njaa.

Na hiyo sentensi ndiyo naomba mwondoke nayo. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa 2018 ulikuta zaidi ya asilimia 40 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma wamedumaa, wakati taifa zima lilikuwa karibu asilimia 32. Huo ni mkoa wenye maharage, ndizi, muhogo, asali na dagaa wa Ziwa Tanganyika! Maharage tunauza, mayai tunauza, mtoto anakula ugali wa muhogo na sombe leo, kesho na keshokutwa. Wataalamu wanatuambia mtoto anayezaliwa na uzito mdogo na kukua kwa shida yuko kwenye hatari zaidi ya kisukari na magonjwa ya moyo akiwa mtu mzima, hasa maisha yakibadilika ghafla akaanza kula mafuta na kukaa kwenye kiti. Sasa piga picha: mtoto aliyedumaa Kibondo leo, akifaulu, akapata ajira mjini. Ndiye huyo.

Najua kuna atakayesema, "Dada, kwenu watoto wamedumaa, wewe unatuletea habari za vitambi, hayo si mambo ya Wazungu?" Hapana mdau. Ni tatizo moja lenye ncha mbili. Utapiamlo si kukonda tu, na unene ni utapiamlo pia. Ukishughulikia sahani ya mtoto unashughulikia na kiuno chake cha baadaye.

Sasa sisi tunaosomea ualimu tunahusikaje? Tunahusika sana, kwa sababu kijijini mwalimu ndiye picha ya maisha mazuri. Ukifika Kibondo na mshahara wa kwanza, ukaacha kutembea, chai ikawa na maandazi manne na kila mgeni akapewa soda kama heshima, watoto wanakuangalia. Ndani ya miaka mitano wewe ndiye tangazo la kitambi.

Kwa hiyo nina mambo matatu. La kwanza, tuache kumwita mtoto "bonge" darasani na tuache kumwita mwingine "njiti". Hakuna aliyepona kwa kuchekwa. La pili, kipindi cha michezo kisigeuzwe cha hesabu kila mitihani ikikaribia. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mkulima wa Kasulu anaweza kucheka hiyo, yeye mazoezi anayafanya tangu alfajiri na jembe lake. Lakini mtoto wake anayekaa bweni, na mwalimu wa mtoto wake, hawana sababu ya kucheka.

La tatu ndilo kubwa: tupime. Kwetu mizani ya zahanati inajua watoto wa kliniki na akina mama wajawazito tu. Baba anapima gunia la maharage kila msimu, anajua kila kilo inakwenda wapi, lakini yeye mwenyewe hajawahi kupanda mizani maisha yake yote. Siku ya mkutano wa wazazi shule inaweza kumwomba mhudumu wa zahanati aje na mizani, tepe na kipimo cha presha. Tepe ni hela ndogo. Kiuno kikizidi sentimita 94 kwa baba na 80 kwa mama, unajua pa kuanzia kuuliza. Hapo tutajua nani mnene, nani mwembamba na nani mgonjwa, bila kuuliza kabila lake.

Likizo hii ukifika nyumbani, yule anayesifiwa zaidi kwa kunawiri, mpeleke akapime presha. Wewe ndiye mwenye nauli na ndiye anayesikilizwa.

Naomba kuwasilisha. Mnaobisha nipo kafteria, meza ya karibu na dirisha, na sitakuwa na chipsi.