Sehemu ya 4: Mkoa mzuri wa kustaafia, mzuri kwa nani?

Sehemu tatu zilizopita tuliongea presha, sukari na namna ya kumpa mzee dawa bila kugombana naye. Leo naingia kwenye ugomvi wenyewe, na najua wapo watakaonuna.

Ugomvi ni huu. Baba anakaribia miaka 60, kiinua mgongo kiko njiani, familia inakaa kikao cha wapi wazee wakaishi. Vikao vyote nilivyosikia maswali ni yale yale. Kiwanja bei gani? Hali ya hewa ikoje? Chakula rahisi? Mmoja anasema Lushoto, kuna ubaridi mzuri na matunda. Mwingine anasema Njombe, viazi vya kumwaga. Wa tatu anataka Bagamoyo, upepo wa bahari. Hakuna anayeuliza: mama akianguka chooni saa nane usiku, nani anakuja, na wanampeleka wapi?

Mimi nasema hilo ndilo swali la kwanza. Kiwanja na parachichi vinafuata baadaye, tena mbali.

Niwaambie tunachokiona wodini. Kiharusi kina saa yake. Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki: kuanzia hapo kila dakika ubongo unakufa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka kichwa kipigwe picha ya CT kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Sasa chukua saa nne na nusu hizo upige hesabu na kijiji chenu. Kumtafuta mwenye bodaboda usiku, kumshusha mzee mpaka barabarani, kutafuta Noah, kufika kituo cha afya, kuandikiwa rufaa. Nimepokea mwalimu mstaafu aliyefika siku ya pili akiwa kwenye mkeka nyuma ya gari. Wanawe walikuwa wamemjengea nyumba nzuri sana, walinionyesha picha kwenye simu.

Figo je? Mzee mwenye presha na sukari ya miaka mingi anaweza kufika mahali figo zikagoma. Kusafisha damu ni kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne kwenye mashine. Mara tatu kila wiki, wamama, mpaka mwisho wa maisha yake au apate figo ya mtu mwingine. Mtu anayeishi kijiji cha mbali hawezi kwenda na kurudi, kwa hiyo anahamishwa. Anahamia wapi? Kwako. Kwenye vyumba vyako viwili vya kupanga, na mtoto wako wa miaka mitatu anahamia sebuleni.

Na nyonga. Mama wa miaka 70 akivunjika nyonga anatakiwa mtu wa mifupa na chumba cha upasuaji, tena mapema. Akikaa amelala chali nyumbani wiki tatu "mfupa ujiunge", tunampokea na vidonda vya mgongoni na nimonia. Hapo sitaki hata kusema mengi.

Halafu hii habari ya hewa safi. Baridi inabana mishipa na presha inapanda, kila nesi aliyefanya kazi nyanda za juu anaijua Juni na Julai. Sisemi watu wa Makete na Mufindi wahame, wamezaliwa pale na miili yao imezoea. Nasema usimtoe mama mwenye presha 170 Dar es Salaam aliyokaa miaka 35 ukampeleka kwenye ukungu kwa sababu wewe ulipiga picha nzuri huko wakati wa likizo. Na hiyo hewa safi inaishia mlangoni mwa jiko la kuni. Moshi ule ndio anaouvuta asubuhi na jioni.

Sasa nifike kwa wanaotusukuma kwenye shimo hili, yaani sisi wenyewe na ile sentensi yetu, "mzee lazima arudi kwao."

Kwao na nani? Maana mara nyingi baba ndiye anayerudi kwao. Mama anafuata. Mama amezaliwa Tanga, ameolewa na mtu wa Rukwa, ameishi Dar maisha yake yote, biashara yake, kwaya yake, kikoba chake, shoga zake wa kunywa nao chai, vyote viko Dar. Baba anastaafu, mama anafungasha. Hakuna aliyemuuliza! Anafika kijijini, lugha anaisikia nusu, mawifi wanamwita mgeni akiwa na miaka 58. Sisi wanawake kwa kawaida tunaishi kuliko waume zetu, na wengi tumeolewa na watu waliotuzidi umri. Kwa hiyo hesabu iko wazi: kuna miaka mama atabaki peke yake kwenye kijiji kisicho chake.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mke. Sawa. Lakini baba akishafariki habari inageuka. Zile kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo koo nyingi za upande wa baba bado zinazishika, zinasema sehemu ya mjane ni kutunzwa na watoto wake. Soma tena hapo: watoto wake. Yaani wewe unayesoma huku unanyonyesha. Kiinua mgongo kimeshajenga kwenye ardhi ya ukoo, nyumba hiyo hauwezi kuiuza, mama hana pa kwenda, na shemeji mtu anaulizia funguo. Baba asipoandika wosia, na kiwanja kisipokuwa na majina yao wawili, hiyo nyumba mmewajengea wengine.

Na hizo nyumba zenyewe jamani! Kelele zote zile za kikokotoo, watu wazima wamegombania asilimia mpaka mishipa ya shingo ikatoka, halafu hela ikiingia inazikwa kwenye zege. Vyumba sita, gipsamu, vigae, geti la umeme mahali ambapo umeme unakatika. Inalala watu Desemba. Miezi kumi na moja wazee wawili wanazunguka humo kama walinzi, na pensheni ya mwezi haitoshi dawa.

Nasikia mnasema: nesi, kwa hiyo tuwafungie mjini? Hapana. Mzee anayefungiwa ndani ya geti na televisheni kutwa nzima, hana wa kusalimiana naye, huyo naye tunampokea. Anakonda, anasahau dawa, anagoma kula. Watu ni dawa, sibishi. Ndiyo maana sisemi kila mtu akastaafie karibu na Muhimbili.

Ninachosema ni kwamba kati ya kijijini kabisa na Dar kuna miji, na tunairuka. Mtu wa Rombo si lazima ajenge juu mlimani, Moshi mjini ipo, KCMC ipo pale pale, na ndugu zake wa Rombo wanashuka na kupanda siku hiyo hiyo. Mtu wa Magu au Misungwi ana Mwanza na Bugando. Mtu wa Mvumi au Bahi ana Dodoma mjini na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Morogoro imekuwa nyingine tangu treni ya SGR ianze 2024, mtu anaweza kwenda kliniki Dar na kurudi siku hiyo bila kuvunjwa mgongo na basi. Kibaha iko karibu na Mloganzila. Shamba libaki kijijini, aende wiki moja moja, alime, asalimie, azike wanaozikwa. Kitanda chake kiwe mjini.

Kwa wa Rukwa ni ngumu zaidi, sitawadanganya, maana kutoka Sumbawanga hadi hospitali ya kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Hapo angalau kaa Sumbawanga mjini penye hospitali ya rufaa ya mkoa, barabara ya lami iko mlangoni, na ujue nambari ya gari la kukodi kabla hujaihitaji. Na wa Lushoto, zile kona za kutoka Mombo kupanda juu mnazijua. Zipite na mgonjwa anayetapika usiku, halafu mje mniambie kuhusu matunda.

Kuna gharama moja hamuiweki kwenye bajeti. Hospitali zetu mgonjwa halazwi peke yake, analazwa na ndugu. Nani anampikia uji, nani anafua, nani anakimbia kununua dawa iliyokosekana dirishani? Mara nyingi ni binti, au mke wa mtoto wa kiume. Ndiyo huyo anaomba likizo bila malipo, ndiyo huyo anakosa kazi, anayemwachia dada wa kazi mtoto wa miezi minane ili akalale kwenye benchi la hospitali ya mkoa asiomjua mtu. Kaka zetu wanachangia kwa simu. Kwa hiyo kikao cha kuchagua mkoa kikiitwa na ukaambiwa "hayo ni mambo ya wanaume wa ukoo", usinyanyuke kwenda kupika. Kaa hapo hapo. Mkoa huo unachaguliwa kwa miguu yako.

Kama wazee wako bado wana miaka 55, una muda. Kabla ya tofali la kwanza nendeni naye mahali mlipochagua, mlale siku tatu. Siku moja tokeni saa nne usiku mpaka hospitali iliyo karibu, mwangalie saa. Ulizeni kama kuna daktari usiku, kama kuna oksijeni, kama dawa zake za presha zinapatikana, kama bima yake inapokelewa. Muulizeni mama, akiwa peke yake bila baba, yeye anataka kuishi wapi.

Yule dada aliyeniuliza inbox kuhusu mama yake mwenye sukari na kiwanja cha Njombe: mdogo wangu, kama dada yenu mkubwa yuko Makambako na anakubali, Makambako. Kiwanja cha porini kiuzeni.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu choo cha mzee na bafu, maana maswali yamekuwa mengi. Naingia zamu.