Wanamuuzia Buda Wako Aibu Ndani ya Sindano

Wasee, leo naongea kuhusu mabuda. Wale wa miaka arobaini na kitu, hamsini na kitu. Wenye kitambi, wenye mkopo wa sako, wanaolala kwa kochi kabla taarifa ya saa tatu iishe. Hao ndio soko jipya, na bidhaa wanayouziwa inaitwa testosteroni.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usisome ukitafuta nimesimama wapi. Testosteroni ni dawa halali kwa wanaume wachache wenye ugonjwa unaopimika. Hii biashara nyingine ya "rudisha ujana wako" ni wizi, na ni wizi unaoumiza watu.

Kabla mtu aniulize digrii iko wapi: sina. Chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini kusoma utafiti hakuhitaji joho la mahafali, na hizi namba naweka hapa zimechapishwa. Mwenye bando atafute.

Kwanza angalia vile inauzwa. Video inaanza na maswali. Unachoka mchana? Hamu imepungua? Tumbo limeongezeka? Hasira za haraka? Sasa niambie, ni mzee gani wa Nairobi mwenye miaka 48 atajibu hapana kwa yote manne? Anaamka saa kumi na moja ashinde foleni ya magari, analipa karo ya watoto watatu, analala saa sita usiku akiwaza kodi ya nyumba. Bila shaka amechoka! Maswali yametungwa yamnase kila mtu, halafu jibu la kila mtu ni sindano moja.

Hii mbinu haikuzaliwa hapa. Mwaka 2000 jeli ya testosteroni inayoitwa AndroGel iliingia soko la Marekani, na baada ya hapo matangazo yakaanza kuwaambia wanaume kwamba uchovu wao una jina, ati "testosteroni ya chini". Kilichofuata kiko kwa rekodi. Mwaka 2001, kati ya Wamarekani wenye bima waliovuka miaka 40, waliokuwa wakitumia testosteroni walikuwa asilimia 0.81. Kufika 2011 walikuwa asilimia 2.91. Zaidi ya mara tatu ndani ya miaka kumi. Na karibu robo ya walioanzishiwa dawa hakukuwa na rekodi kwamba walipimwa damu kwanza. Mtu anawekewa homoni mwilini na hakuna aliyeangalia kama imepungua!

Mwaka 2015 ikabidi mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, itoe onyo: dawa hizi ziliidhinishwa kwa wanaume ambao homoni imeshuka kwa sababu ya ugonjwa unaojulikana. Hazikuidhinishwa kwa ajili ya kuzeeka tu. Lakini hapo pesa ilikuwa imeshaingia mfukoni, na somo la kibiashara lilikuwa limeshafunzwa dunia nzima.

Na kuna ukweli ndani ya huu uongo, ndio maana unauzika. Ni kweli testosteroni hushuka na umri. Inashuka polepole, karibu asilimia moja kwa mwaka, kuanzia miaka ya thelathini au arobaini. Swali ni wangapi inashuka hadi kuwa ugonjwa. Watafiti wa Ulaya waliwapima wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, katika miji minane, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Waliokuwa na homoni ya chini pamoja na dalili zake hasa za kitandani walikuwa asilimia 2.1. Wawili kwa mia! Sasa fikiria mabuda mia moja kwenye harambee. Video inataka wote mia wapige foleni.

Hapa ndio nataka usome polepole, kwa sababu hii sehemu wauzaji hawaiguzi.

Testosteroni yako inatengenezwa kwa korodani, lakini bosi ni ubongo. Ubongo unatuma ishara, korodani zinafanya kazi mbili: kutengeneza homoni na kutengeneza mbegu. Ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo unaona imejaa na unanyamaza. Ishara ikikatika, kiwanda kinafungwa. Korodani zinasinyaa. Mbegu zinapungua, na kwa wengi zinaisha kabisa.

Unadhani nakutisha? Shirika la Afya Duniani lilijaribu testosteroni kama njia ya kupanga uzazi kwa wanaume. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wanaume 271 wenye afya, kutoka nchi saba, walidungwa miligramu 200 kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 kati yao hawakuwa na mbegu hata moja. Wanaume 119 wakaendelea mwaka mzima wakitegemea sindano hiyo peke yake, na ikapatikana mimba moja tu.

Soma tena. Kitu kinauzwa kama dawa ya udume, na wanasayansi walikipima kama njia ya kuzuia mimba, kikafanya kazi.

Sasa leta hiyo stori nyumbani. Mzee wa miaka 44 ameoa upya. Bibi ana miaka 31, anataka mtoto. Mzee anadungwa kisirisiri ndio "asiaibike". Mwaka unapita, hakuna mimba. Kwa hii nchi yetu, nani anaanza kuulizwa maswali? Nani anapelekwa hospitali kwanza, halafu kwa maombi, halafu anaitwa tasa na shangazi za watu? Ni yule mama. Mzee hata hatapimwa, kwa sababu misuli imeonekana, sauti ni nzito, na kila mtu anaona mwanaume kamili. Akiacha sindano, wengi mbegu hurudi, lakini inachukua miezi, wengine zaidi ya mwaka, na hakuna anayeweza kumwahidi tarehe. Hiyo ndoa itangoja?

Na hiyo jeli ya kupaka nayo? Inahama kwa ngozi. Mwaka 2009 FDA ililazimisha onyo zito kwenye pakiti kwa sababu watoto wadogo walioguswa na ngozi iliyopakwa walianza kuonyesha dalili za kubalehe. Mtoto wa miaka mitatu, nywele za siri. Mzee anatafuta ujana wake, unampata mtoto.

Ninajua mtu ameshaandika, "Lakini utafiti mpya unasema ni salama." Ni kweli kuna utafiti mkubwa wa 2023, unaitwa TRAVERSE, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye miaka 45 hadi 80 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata. Testosteroni haikuongeza mshtuko wa moyo na kiharusi ukilinganisha na jeli isiyo na dawa. Sawa, hilo nalikubali. Lakini soma hadi mwisho. Hao wote walikuwa na dalili, walipimwa mara mbili ikathibitishwa homoni iko chini, na walifuatiliwa na madaktari. Hata hivyo, kwa waliopewa dawa kulionekana zaidi visa vya mapigo ya moyo kwenda ovyo, figo kuumia ghafla, na damu kuganda kwenye mapafu. Sasa mtu wa jimu anatumia utafiti wa watu waliochunguzwa hivyo kukuuzia chupa isiyo na karatasi yoyote. Hiyo ni kama kuonyesha leseni ya rubani ndio uendeshe matatu.

Mwingine atasema, "Mbona akina mama hupewa homoni wakikoma hedhi? Wanaume wamekosa nini?" Swali zuri. Mama akikoma hedhi, ovari zake hufunga kazi kabisa, na kila mwanamke akiishi vya kutosha atafika hapo. Kwa mwanaume hakuna siku kiwanda kinafungwa. Kinapunguza kasi. Wazee wengi wa miaka 70 bado wana kiwango cha kawaida. Hivi ni vitu viwili, na anayeviita kimoja ana kitu cha kuuza.

Na hata faida yenyewe inakuzwa. Mwaka 2016 Marekani walitoa matokeo ya wazee 790 wenye miaka 65 kwenda juu, homoni yao ikiwa chini kweli. Tendo la ndoa liliboreka kiasi. Lakini nguvu za mwili kwa maana ya kutochoka, na umbali wanaoweza kutembea, havikuonyesha faida ya maana. Yaani kile kitu cha kwanza kwenye video, uchovu, ndicho dawa ilishindwa kuondoa hata kwa wale waliokuwa na upungufu.

Basi buda anaumwa nini? Mara nyingi ni vitu vyenye majina ya kawaida ambayo hayauzi video. Kitambi chenyewe hushusha testosteroni, na kupunguza uzito huipandisha. Kisukari vilevile. Pombe. Dawa kali za maumivu. Kukoroma kule kwa kukatika pumzi usiku. Usingizi mdogo: mwaka 2011 watafiti waliwalaza vijana kumi saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni vijana wenye afya, rika letu. Na mzee akishindwa kitandani, mara nyingi ni mishipa ya damu inalalamika. Ile ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hivyo huziba mapema. Inaweza kuwa onyo la miaka kadhaa kabla ya mshtuko wa moyo. Ukizima hilo onyo kwa sindano bila kupima presha na sukari, umetoa betri kwa kengele ya moto na nyumba bado inaungua.

Hapa sasa nageukia mtandao wetu. Aibu hii inatengenezwa kila siku. Kila nguzo ya stima mjini ina karatasi ya "nguvu za kiume". Kila klipu ya kuchekesha ina mzee aliyeshindwa na bibi anayecheka. Mukombero wa Kakamega unauzwa kando ya njugu na hakuna shida, tafuna ukitaka, lakini hata huo siku hizi lazima uambatane na mzaha kwamba anayenunua ana matatizo. Ukimcheka mwanaume hivyo miaka ishirini, ataenda kwa daktari kweli? Ataenda kwa mwenye kumwahidi siri. Siri ndiyo inafanya hii biashara iwe tamu: mteja aliyetapeliwa hawezi kulalamika hadharani.

Na pesa iko. Mwaka huu nilitumiwa ofa ya kutangaza "kifurushi cha wanaume" kwa watazamaji wangu. Niliuliza mambo matatu: nani anapima damu, nani ni daktari, na mteja anaambiwa nini kuhusu uzazi. La kwanza na la pili hayakujibiwa. La tatu nilijibiwa kwamba wateja wa umri huo "wameshazaa". Nilikataa. Wengine watakubali, na utawaona kwenye simu yako wakiwa wamevua shati.

Tuheshimu pia wale wanaoihitaji. Kuna mtu alizaliwa na kromosomu ya X ya ziada. Kuna aliyepoteza korodani kwa saratani au ajali. Kuna mwenye uvimbe kwa tezi ya ubongo. Kwa hawa testosteroni ni kama insulini kwa mwenye kisukari, na biashara hii inawafanya waonekane wahuni wanaponunua dawa yao.

Kwa hivyo fanya hivi. Video hizo mzee wako anazipata kwa simu ile ile wewe humsaidia kuweka bando. Mwambie tu, bila kucheka: "Baba, kabla ya kununua chochote, twende tupime presha na sukari." Kama dalili zipo kweli, daktari atamtuma apimwe testosteroni asubuhi, kabla ya kula, siku mbili tofauti, kwa sababu homoni huwa juu asubuhi na kipimo kimoja cha jioni kinaweza kudanganya. Ikionekana iko chini, swali linalofuata ni kwa nini. Aulizwe kama bado anataka mtoto. Akianza dawa, damu yake ifuatiliwe, maana inaweza kuwa nzito kupita kiasi, na tezi dume nayo iangaliwe. Mtu anayemuuzia bila hatua hizi hamtibu, anamchuna.

Kama unauza hii kitu na umekasirika, komenti ziko wazi. Njoo na jina la daktari wako na kipimo cha mteja wako wa kwanza, ukificha jina lake. Tutangoja hapa.