MWENYE MIWANI AULIZWE
Tahariri: Vyuo vyetu na haki ya kuona



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia ardhi, mirathi ya wajane, ujira wa vibarua na wajibu wa raia wakati wa uchaguzi. Safari hii tunaleta mbele yenu jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona dogo: namna vyuo vinavyowaandaa wataalamu wa miwani, na namna ya kupima kama maandalizi hayo yanafaa. Tunawasemea wale wanaopokea karatasi ya vipimo kutoka kwa mpima macho, wakasaga lenzi, wakaipachika katika fremu na hatimaye kumvisha mwenye kuihitaji. Kazi yao ni ya kimyakimya, na makosa yao nayo ni ya kimyakimya. Ndiyo maana Tume ya Haki na Amani haina budi kuyasema.

Yafaa kwanza tufahamu ukubwa wa jambo lenyewe. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba angalau bilioni moja kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa, au ambalo bado halijashughulikiwa. Miongoni mwa hao walikuwamo watu wapatao milioni 826 walioshindwa kuona vizuri vitu vya karibu kwa sababu ya umri, hali ambayo kwa kawaida humfikia mtu akiwa na miaka arobaini na kitu, na ambayo miwani ya kusomea huitatua. Mwaka 2021 mataifa yaliyokutana katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani yalikubaliana kupanua huduma ya miwani iliyo sahihi ifikapo mwaka 2030, na mwaka 2024 Shirika hilo likaanzisha mpango maalumu wa kutekeleza azimio hilo.

Tusidhani kwamba hizo ni habari za wasomaji wa magazeti tu. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachuma majani ya chai wa Assam, nchini India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Wale waliopewa miwani ya kuonea karibu waliwazidi wenzao ambao hawajapewa kwa takribani asilimia 22 katika kuongeza uzito wa majani waliyochuma kwa siku. Nani kati yetu hawajui wachuma chai wa Mufindi na Rungwe, washonaji wa sokoni, wanawake wapetao mchele, makatekista wanaosogeza kitabu mbali na uso ili waweze kusoma somo la Dominika? Kwa watu hao miwani ni chombo cha kazi, sawa na jembe na cherehani.

Sasa chombo hicho kina siri yake. Lenzi lazima iwe na nguvu iliyoandikwa, na lazima pia kitovu chake kikae sawasawa mbele ya mboni ya jicho. Lenzi yenye nguvu ya dayopta sita ikipachikwa nusu sentimita pembeni mwa mahali pake, huupinda mwanga kiasi kwamba, kwa umbali wa mita moja, unakengeuka sentimita tatu. Macho mawili yakipewa njia mbili zisizopatana, mwenye nayo huumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Tena iko lenzi ya kurekebisha jicho lisilo na mviringo ulio sawa, ambayo ina mhimili wake. Fundi akiupotosha mhimili huo kwa digrii 30, kasoro inayobaki ni kubwa sawa na ile ambayo mgonjwa alikuwa nayo kabla ya kuvaa miwani. Amelipa fedha yake yote, wala hakupata kitu.

Maandiko Matakatifu yanakemea mizani ya hila, na manabii waliwalaani wafanyabiashara waliopunja vipimo ili kuwanyonya maskini. Sisi tunaona kwamba lenzi isiyo sahihi ni mizani ya hila, hata pale ambapo fundi hakukusudia kumpunja mtu. Walakini iko tofauti moja kubwa. Anayepunjwa sukari dukani huweza kuirudisha mizani na kudai haki yake. Anayepewa miwani mibaya hana kitu cha kulinganishia. Mama mzee wa kijijini akivaa miwani akaumwa kichwa, husema, “Macho yangu yameshakwisha,” akaifunga katika kitambaa na kuiweka sandukuni. Hajui kwamba amedhulumiwa, na chuo kilichomfundisha fundi yule hakijui kwamba kimeshindwa.

Hapo ndipo lilipo shauri letu. Vyuo vingi hujipima kwa idadi: wameingia wanafunzi wangapi, wamefaulu wangapi, wamepewa vyeti wangapi. Hesabu hizo ni halali. Nchini Tanzania, Serikali imeweka ngazi za mafunzo ya ufundi tangu cheti cha awali hadi stashahada, na mitaala inatakiwa ipime umahiri, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda. Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 ilileta Baraza la kusimamia taaluma hii. Nalo Kanisa, katika umoja wa madhehebu yake, lina historia ya kujivunia: KCMC mjini Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, imekuwa shule ya wataalamu wa macho wa nchi nyingi. Hata hivyo, kati ya mtaala ulioandikwa vizuri na uso wa yule mama mzee pana safari ndefu, na katika safari hiyo mara nyingi hakuna anayeuliza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeivaa miwani ndiye shahidi wa kwanza wa ubora wa chuo.

Tunalo fundisho la Bwana wetu mwenyewe. Mwinjili Marko, katika sura ya nane, anasimulia habari za kipofu wa Bethsaida. Yesu alipokwisha kumwekea mikono, alimwuliza kama anaona kitu. Yule mtu akajibu kwa unyofu kwamba anawaona watu, lakini kama miti inayotembea. Bwana hakumkaripia kwa kukosa shukrani, wala hakumwambia kwamba hiyo yatosha kwa mtu maskini. Alimwekea mikono tena, hata akaona yote waziwazi. Ikiwa Mwana wa Mungu aliuliza, akasikiliza jibu, akairudia kazi, ni mwalimu gani au mkuu gani wa chuo atakayejiona amepita haja ya kuuliza?

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila chuo chenye mafunzo haya, hasa kile kinachobeba jina la Kanisa, kijitathmini kwa mambo matano.

Kwanza, mikono ya mwanafunzi. Iulizwe kila mmoja ametengeneza jozi ngapi za miwani tangu kipimo hadi kumvisha mtu. Mashine ya kupimia lenzi ikiwa ni moja kwa darasa zima, nao wanafunzi wakaitazama kwa zamu, watakachojifunza ni kuitazama. Kila mwanafunzi awe na daftari la kazi zake, zikiwamo lenzi alizovunja, maana nazo hufundisha.

Pili, mtihani wa vitendo. Usimamiwe pia na mtahini kutoka nje, apime nguvu, mhimili na kitovu cha kila lenzi. Alama nzuri za nadharia zisifunike miwani iliyokosewa, kwa kuwa mgonjwa havai nadharia.

Tatu, wahitimu. Baada ya mwaka mmoja na miwili wafuatwe waliko. Je, wapo wilayani au wote wamebaki mijini? Wana vifaa? Ikiwa mhitimu ameacha kazi na kufungua duka la nguo, yafaa kujua kama alikosa mtaji, ajira au moyo.

Nne, wenye miwani. Ichaguliwe kwa kura idadi ya watu waliohudumiwa na wahitimu, miwani yao ipimwe upya, na wao waulizwe: Unaivaa? Unaona nini leo ambacho hukukiona jana? Ulilipa kiasi gani, na ulielezwa nini?

Tano, dhamiri. Mtaalamu wa miwani ajue mipaka yake. Mtoto mwenye weupe ndani ya mboni, mtu mwenye kisukari ambaye uoni wake unabadilika, mzee mwenye dalili za presha ya macho, hao wapelekwe kwa daktari bila kukawia. Anayewauzia miwani amewachukulia fedha, na amewachukulia pia muda ambao macho yao yangeokolewa.

Yatakayopatikana yasomwe mbele ya walimu, wanafunzi, bodi na wawakilishi wa waamini, kisha yarudi katika ratiba ya masomo. Makosa ya mhimili yakijirudia, saa za karakana ziongezwe. Tathmini isiyorekebisha kitu ni sawa na kumpima mtu macho kisha kumwacha aende zake bila miwani.

Tunasikia jibu la wakuu wa vyuo: walimu ni wachache, mashine ni ghali, karo hailipwi kwa wakati. Ni kweli, nasi hatuwatwishi mzigo ambao hatuko tayari kuugusa. Lakini kuipima upya miwani moja ni kazi ya dakika chache. Na harambee zetu, ambazo hupenda kujenga kuta na mageti, zaweza pia kununua mashine ya kupimia lenzi. Walimu nao wasiione tathmini kama fitina. Kinachopimwa ni mafunzo, wala si heshima ya mtu. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilitukumbusha kwamba Kanisa linalohubiri haki lichunguze kwanza mwenendo wake lenyewe. Agizo hilo linazifikia parokia, na linavifikia vyuo vyetu pia.

Ninyi viongozi walei mna sehemu yenu. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, ulizeni ni nani aliye na miwani sandukuni asiyoivaa, na kwa ridhaa yake mpelekeni chuoni au kliniki ya macho ikapimwe. Kamati za elimu zinapomchagua kijana wa kusomeshwa, zisiwasahau wasichana, na zipatane naye kwamba atarudi kuwahudumia watu wa kwao kwa muda uliokubaliwa. Nanyi mnaokaa katika bodi, kabla hamjapitisha taarifa ya mwaka, ombeni ukurasa mmoja wenye maneno ya wale waliovaa miwani.

Haki haikamiliki siku ya mahafali. Inakamilika pale mshonaji anapotia uzi katika tundu la sindano bila kumwita mjukuu. Kristo, Mwanga wa Mataifa, aiangazie mioyo ya wanaofundisha na wanaojifunza, ili kazi ya mikono yao iwe sadaka safi mbele zake.

Haki na amani ziwe nanyi nyote.