Mwizi wa simu na mhujumu uchumi

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haimwachi salama mpokeaji wa mali ya wizi. Anayenunua simu akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ana kosa lake mwenyewe, hata kama hakuiba. Hilo ni sawa: pasipo mnunuzi, kibaka angeiba ili amuuzie nani?

Tatizo liko juu, kwa wezi wakubwa wa fedha za umma. Msako wa Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulizaa sheria ya uhujumu uchumi, na ile ya 1984 iliyoirithi bado inatumika. Ni kali, hasa kwenye dhamana. Lakini Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa watuhumiwa wa makosa hayo nafasi ya kukiri, kurejesha fedha na kuachiwa, na mwaka huohuo makubaliano ya kukiri kosa yakaingizwa kwenye sheria.

Hatupingi fedha za umma kurudi. Ila aliyekaa mahabusu miaka anaweza kukiri lolote ili atoke. Na kibaka wa simu, akirudisha simu, nani anakaa naye mezani? Bunge liweke utaratibu mmoja, unaosimamiwa na hakimu mahakamani, kwa wote wawili.